Mstari wa Asili ya Baba Yako

Mwanangu Rebeka,

Umetoka kwenda kuaga wanakwaya wenzako, na najua utachelewa, maana nyinyi watu wa sauti ya pili hamwezi kuagana bila kuimba nyimbo zote mnazozijua. Sanduku lako liko tayari karibu na mlango. Nimelifunga kwa kamba kwa sababu zipu yake siiamini hata kidogo. Nimefuta meza, maana vumbi la malori limeingia tena tangu asubuhi, nikakaa mahali pa baba yako ambapo mwanga wa dirisha unatosha. Ni saa tisa mchana. Basi la Lubumbashi linaondoka kesho alfajiri, na kuna jambo ambalo nimeshindwa kukuambia kwa mdomo kwa miaka miwili.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala za wanaume wenye magari makubwa. Mama yako mdogo utakayekaa kwake atakusomea hayo yote hadi uombe kurudi nyumbani. Mimi nataka kukuandikia ukurasa mmoja tu, ule unaokosekana.

Unajua kurasa zangu zilivyoanza. Nilipostaafu kazi pale ofisi ya komini, baada ya kuandika vizazi, ndoa na vifo vya watu tangu ujana wangu, nilikaa nyumbani wiki moja nikaona vidole vinanisumbua. Nikachukua daftari la shule uliloliacha nusu, nikaandika ukurasa mmoja kuhusu king'ora cha kampuni ya mgodi. Niliandika kwamba zamani mji mzima uliamka kwa king'ora kile, hata mtu ambaye hakuwa na kazi, na kwamba kiliponyamaza wanawake wa kambi waliunguza ugali wao wa bukari kwa mwezi mzima kwa sababu hawakujua tena wakati wa kuweka sufuria. Wewe ulicheka, ukaunakili kwenye simu yako, ukautuma kwenye kundi la mtaa. Jioni ile watu wakaanza kuandika: Mama Odette, endelea.

Nikaendelea. Niliandika kuhusu nyumba za kambi na namba zake, na kwa nini mzee wa namba fulani alikuwa mtu mkubwa hata alipokuwa hana viatu. Niliandika kuhusu jirani yetu aliyechimba choo akakuta jiwe la kijani. Nilieleza kwamba sheria inampa karatasi ya kiwanja, lakini ardhi yenyewe ni ya Serikali, na vilivyo chini yake vinaweza kupewa kampuni ambayo haijawahi kumwona. Kwa hiyo aliruhusiwa kuchimba choo, ila hakuruhusiwa kupenda alichokiona ndani. Vijana wachimbaji walibishana kuhusu ukurasa ule siku tatu, na mmoja akaniita mwanasheria. Nilijifanya sikufurahi.

Halafu nikaandika ukurasa wa mstari wa asili. Ule watu waliusifu kuliko yote. Nilieleza kwamba kwenye fomu zetu kuna mstari unaouliza mahali ulipozaliwa, na kuna mwingine, chini kidogo, unaouliza asili yako. Huo wa pili hauulizi kuhusu wewe. Unauliza kijiji cha baba yako, ambacho ni kijiji cha baba yake, na kuna watu waliokuja kaunta yangu, wamezaliwa hapa Kolwezi, wazazi wao wamezaliwa Kolwezi, ambao waliniomba niwasaidie kuandika jina la kijiji cha mkoa wa mbali wa Kasai kwa sababu hawakujua lina herufi gani. Babu zao waliletwa kwa mabehewa kuja kufanya kazi mgodini. Mstari ule haukuwahi kushuka kwenye behewa. Nilieleza hayo yote nikiwa nimevaa miwani, mambo ya sheria upande huu, mambo ya siasa upande ule, kama mtu ambaye hayamhusu.

Wewe uliunakili ukurasa ule. Siku ya pili ulikuja jikoni ukasimama mlangoni.

"Mama, mbona unarukaka hii myaka?"

"Myaka gani?"

"Ile ya treni. Unaandika mbele, unaandika nyuma. Pale katikati unarukaka."

Nikakujibu kwamba mboga ya sombe inaungua. Haikuwa inaungua, na wewe uliiona.

Sasa madaftari yangu yote umeyatia sandukuni, unasema utayapiga taipu na kumwonyesha mwalimu wako wa sheria huko chuo kikuu. Nimefurahi, kweli. Lakini yana shimo katikati, na shimo lile nimelifunika kwa makusudi. Basi soma.

Miaka ile nilikuwa msichana wa ofisini, bado mgeni kwenye kazi, nina sketi mbili na maringo ya watu kumi. Nilipenda daftari kubwa la vizazi kuliko nilivyopenda kijana yeyote. Nilikuwa na mwandiko mzuri, na mkubwa wangu aliwaambia watu kwamba mwandiko wa Odette hauhitaji muhuri. Ndipo maneno yakaanza mjini, kwamba kila mtu arudi kwao. Wanasiasa waliyasema kwenye mikutano, vijana wakayabeba mitaani, na ghafla mtu uliyechota naye maji miaka yote akawa anaitwa mgeni. Watu wenye asili ya Kasai walitolewa kazini, wakatolewa nyumbani, wakaenda kukaa stesheni na magodoro yao, cherehani zao, na kuku wakiwa wamefungwa miguu, wakingoja treni za kwenda nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona.

Kabla wafukuzaji hawajafika mtaa wetu, alikuja Tata Kabeya. Alikuwa jirani wa wazazi wangu, seremala, ndiye aliyetengeneza kitanda unacholalia mpaka leo. Asili yake Kasai, mkewe mtu wa Kasaji, humu humu mkoani kwetu, kwenye reli ya magharibi. Alikuja ofisini mchana watu walipokwenda kula, akasimama mbele ya kaunta ameshika kofia.

"Mama Odette, mi nimekuya tu juu ya batoto. Andika kama beko ba Kasaji. Mama yabo ni wa kule, unamuyua. Weye njo unashika biki ya kuandika."

"Tata Kabeya, sheria inasema mutoto anafuata baba yake."

"Nayua. Lakini sheria hailalaki ku nyumba yangu. Mi njo nalalaka pale na batoto."

"Mi siwezi kudanganya, kuandika bongo mu daftari ya Leta, ya Serikali, tata. Batanifunga."

Aliniangalia kidogo. Aliniita mama, mtu aliyenipita kwa umri mara mbili, aliyenibeba begani nikiwa mdogo. Akavaa kofia yake.

"Haya, mama. Ubakie muzuri."

Nataka uelewe nilichohisi alipotoka, kwa sababu hapo ndipo aibu yangu ilipo. Niliogopa, ndiyo, na mtu yeyote angeogopa. Lakini pia nilijiona mrefu. Nilijiona mwanamke asiyepindishika, mlinzi wa sheria, na mchana ule nilikula vizuri. Sijui kama karatasi ingemwokoa. Waliokuja kuwafukuza watu mtaani hawakuomba kuona karatasi ya mtu, majirani waliwaonyesha nyumba kwa kidole. Lakini alikuja kuniomba, na mimi nilimpa sheria kama mtu anavyompa mwenye njaa sahani iliyooshwa vizuri.

Wiki ile waliondoka. Stesheni haikuwa mbali na ofisi yetu, na mimi nilianza kuzunguka kwa njia ya sokoni kwenda kazini, ili nisipite pale. Sikumpelekea mke wa Kabeya hata mkate. Kati ya waliolala stesheni kulikuwa na mama mmoja mjane aliyeitwa Ngalula, amezaliwa kambini hapa Kolwezi, ambaye mwanawe wa pekee alikuwa amefichwa na rafiki zake wachoma makaa huko Mutshatsha. Sikumjua mama yule wala mwanawe. Baadaye sana nilikuja kumjua mwanawe, nikaolewa naye.

Ndiyo, baba yako hakumwona mama yake tena. Mama yule alipanda treni bila mwanawe, akafika Kasai kwa watu waliomwita Mkatanga, mtu wa mkoa huu wetu, akaugua, akafia huko. Habari zilimfikia baba yako msituni, zimepitia midomo ya watu wengi, na mpaka anakufa hakujua kaburi liko upande gani wa kijiji. Haya aliniambia mara moja tu, tulipokuwa tunachumbiana, akiwa ameinamia mota ya pampu aliyokuwa anaisuka upya. Hakuinua kichwa. Aliendelea kuzungusha waya hadi akamaliza koili nzima, ndipo akaniuliza kama nitakula.

Watu walipoanza kurudi mji ukiwa umetulia, yeye alirudi pia, akafungua karakana yake mwenyewe. Wachimbaji walimletea pampu zilizoungua, naye alifunga kwenye kila mota kikaratasi chenye jina lake: Mukendi wa Ngalula. Wewe ulidhani ni jina la biashara. Ulikuwa unachora vikaratasi hivyo kwa penseli za rangi, unakumbuka? Hilo lilikuwa jina la mama yake.

Ulipozaliwa, tulikuwa tumekubaliana. Mtoto wa kike ataitwa Ngalula, Ngalula Rebeka, na jambo hilo halikuwa na mjadala. Baba yako alikuchukua mikononi pale hospitalini akakuita Mama. Wewe ulidhani ni mapenzi tu, kama baba wengine wanavyowaita binti zao. Kwao, mtoto akibeba jina la mama yako unamwita mama yako, na unamheshimu hivyo hivyo hata akikukojolea. Alikuita Mama maisha yako yote, hata baada ya karatasi kusema vingine.

Kwa sheria, yeye ndiye aliyepaswa kuja komini kukuandikisha. Baba anakuja, anatamka, karani anaandika, halafu karani anamsomea kwa sauti yote aliyoyaandika, mstari kwa mstari. Akikubali, anatia sahihi. Nilifanya hivyo kwa watu wa mji huu hadi nikawa nasoma usingizini. Lakini asubuhi ile baba yako alikuwa na pampu ya watu mezani, wanaingojea, shimo lao limejaa maji. Nikamwambia, kaa, mume wangu, karani si mimi?

Nilikwenda nikiwa bado natembea polepole. Likizo ya uzazi ilikuwa haijaisha, na wenzangu walishangilia wakaniachia daftari langu mwenyewe. Nikafungua ukurasa mpya. Nikaandika tarehe, nikaandika wa kike. Nilipofika kwenye jina mkono wangu ukasimama, na nikamwona Tata Kabeya na kofia yake. Nikawaza, maneno yale yakirudi? Yakirudi mji huu, huyu naye atalala stesheni? Nikaandika Nawej Rebeka, jina la baba yangu. Nikashuka mpaka mstari wa asili ya baba, na badala ya Ngandajika, kwao huko Kasai, nikaandika Sandoa, kwetu. Nilimfanya mume wangu mtu wa kijiji changu. Halafu, chini kabisa, mahali pa sahihi ya baba aliyetamka, nikaweka M yake ile yenye mkia mrefu, ambayo niliijua vizuri kuliko yangu.

Yale niliyomnyima Kabeya akiniomba, nilijipa mwenyewe bila hata kujiomba. Na sikumsomea mtu kwa sauti.

Jioni nilimpa baba yako karatasi. Aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa ameketi. Nilianza kueleza: treni, mama yake, watoto, hofu. Nilieleza vizuri, unajua mimi nikianza kueleza. Alinisubiri hadi nikaishiwa.

"Odette," akasema, "umenitosha mu mutoto yangu, umenitoa."

"Ni karatasi tu, Mukendi. Ku nyumba atabakia Ngalula."

"Basi weye utamwita Ngalula?"

Nikasema ndiyo. Lakini niliogopa majirani, niliogopa shule, niliogopa usije ukalizoea jina ukalitaja mbele ya mtu mbaya, na mwishowe nikakuita Rebeka kama kila mtu. Hakunigombeza. Alikunja karatasi akaiweka ndani ya Biblia yake, na siku ya pili akarudi kwenye mota zake. Heri angenipigia makelele. Baba yako alikuwa na ukimya ambao ulikaa mezani na kula na sisi.

Ulipokuwa shule ya msingi alikuja kijana mmoja kaunta, mrefu, anaomba nakala ya hati yake ya kuzaliwa. Nikauliza jina la baba. Kabeya, akasema, seremala. Nilikwenda kulivuta daftari la zamani, nikakuta ukurasa wake, mwandiko wangu wa usichana, kila kitu mahali pake, asili Kasai. Nikamnakilia, nikagonga muhuri, na nikamuuliza mzee yuko wapi. Akasema yuko huko, analima mihogo, macho yamepungua, mama alishafariki. Akaongeza akicheka: "Papa alisemaka, kama unamukuta Mama Odette, umusalimie. Anasema weye njo ulikuwa na mwandiko muzuri."

Alikuwa hajui lolote, nadhani. Au alijua, na hiyo ndiyo salamu aliyotumwa. Nimeizungusha kichwani miaka hii yote na sijapata jibu. Jioni nilimsimulia baba yako nikitaka anisaidie kubeba. Alifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Kabeya eko na batoto mu daftari," akasema. "Mi mutoto yangu siko naye."

Sasa tufike kwenye lile linalonifanya niandike leo. Mwaka ule wa mtihani wa serikali walitaka ulete hati ya kuzaliwa ili kujiandikisha, ukaitoa kwenye Biblia ukaisoma kwa mara ya kwanza kama mtu mzima. Ulikuja nayo jikoni. Uliniuliza kwa nini Papa ameandikwa mtu wa Sandoa, wakati kila mtu anajua anaota kwa Kiluba cha Kasai. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa mbele yangu, pana kabisa. Nikakwambia, baba yako alitaka hivyo.

Maneno manne. Nilidhani yatapita na siku.

Ukatoka moja kwa moja hadi kwenye karakana yake. Nilikufuata hadi mlangoni na mwiko mkononi. Ulisimama mbele yake, umri ule ambao mtu anajua kila kitu, ukamwonyesha karatasi.

"Papa, weye unaogopaka jina yako mwenyewe?"

Alikuangalia. Halafu aliniangalia mimi, juu ya bega lako. Nilimwona akiona kila kitu, mwanangu. Na nilimwona akichagua. Ilimchukua muda mfupi kuliko kufunga skrubu.

"Niliogopa, Mama," akakwambia. "Unisamehe."

Nami nikarudi jikoni. Hilo ndilo kosa langu. Mengine yote, Kabeya, jina, sahihi ya kughushi, ningeweza kusimama mbele ya watu nikayaeleza nikatafuta huruma, kwa sababu nyakati zilikuwa mbaya na mimi ni mama. Lakini siku ile hakukuwa na treni, hakukuwa na mtu mlangoni. Kulikuwa na mume wangu amebeba mzigo wangu, na mimi nikaenda kukoroga bukari.

Tangu siku ile uliacha kumpelekea chai kule kazini. Hukumtukana, wewe si mtoto wa hivyo, ulimsalimia asubuhi na jioni kwa adabu zote, na adabu ile ilimla. Alikuwa anauliza, Mama amekula? Mama amerudi shuleni? Ananiuliza mimi, wakati wewe uko chumba cha pili. Mara mbili nilimwambia nitakueleza. Mara zote mbili akasema, muache amalize mtihani kwanza. Baadaye akasema, muache apumzike. Nadhani alitaka niseme bila kuombwa, na alipoona sisemi akanifungulia mlango wa kutoka, kama kawaida yake.

Alipofariki wakati wa mvua za mwaka jana, ulisimama kwenye kilio mbele ya watu wote ukasema, kwa sauti ile ya kwaya inayofika nyuma: "Papa alikuwa mutu muzuri. Aliogopa tu." Watu waliguna kwa huzuni, wakasema binti huyu ana ukweli. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, kitambaa kichwani, na nikajisikia peke yangu kuliko mwanamke yeyote wa mji huu. Mtu mmoja tu alikuwa anaijua kweli pamoja nami, na tulikuwa tumetoka kumzika.

Ulisema pia, baada ya hapo, kwamba utasomea sheria ili watu wasilazimike kujificha ndani ya karatasi. Ulisema hivyo ukimfikiria yeye. Unaondoka kesho na maisha yako yote umeyajenga juu ya woga wa mtu ambaye hakuogopa. Niliwaza nikuache uende nao tu. Nina sababu zangu, na si nzuri. Baada ya kesho nyumba hii itakuwa na mimi, na meza ya mota ambayo sina moyo wa kuiuza, na redio. Kama utanichukia, simu yangu haitalia. Nimefanya hesabu hiyo kila siku tangu ulipopata nafasi ya chuo, na kila siku jibu lilikuwa nyamaza, Odette. Leo nimeona sanduku mlangoni, nikawaza jinsi mama mwingine, bibi yako Ngalula, alivyoondoka mji huu na sanduku, bila mtu kumpa hata mkate.

Sikuombi unielewe. Wala sikupi somo, kwa sababu sina. Ningekwambia fuata sheria, niliifuata na Kabeya akaishia stesheni. Ningekwambia ivunje kwa ajili ya uwapendao, nimekuonyesha nilivyoivunja. Ninachojua ni kidogo na ni cha karani: kilichoandikwa kinasomwa kwa sauti mbele ya anayehusika, na asipokuwepo, hukiandiki. Nililijua hilo kabla sijajua kupika.

Utajifunza huko kwamba hati ya kuzaliwa inaweza kusahihishwa, lakini karani hawezi kuifuta kwa kalamu yake. Lazima hakimu aamue, na hakimu atauliza nani aliandika uongo na nani alighushi sahihi. Ukitaka kurudisha jina la bibi yako na asili ya baba yako, barua hii ni ushahidi wako. Nimeiandika kwa mwandiko wangu, ule ule wa daftari, mtu yeyote wa komini atautambua. Uipeleke. Wakiniita, nitakwenda nimevaa vizuri na nitajibu. Ukitaka kubaki Nawej, pia ni haki yako, baba yangu alikuwa mtu mwema na alikupenda. Lakini uchague ukijua.

Ndani ya bahasha nimekuwekea kikaratasi kimoja cha mota, cha mwisho alichoandika. Pampu yenyewe, wenye nayo walikuja kuichukua baada ya mazishi, mimi nikakifungua kile kikaratasi nikakificha. Angalia sahihi yake ya kweli, halafu uilinganishe na ile iliyo kwenye hati yako. Mkia wa M yangu ni mrefu mno. Nilitaka sana ifanane.

Na ukurasa unaokosekana ni huu. Uuweke katikati ya madaftari, pale unaposema naruka.

Mtoto: Ngalula Rebeka, wa kike, amezaliwa Kolwezi.
Baba: Mukendi, mwana wa Ngalula, fundi wa mota, amezaliwa Kolwezi. Asili yake: Ngandajika, Kasai.
Mama: Odette, binti wa Nawej, karani, amezaliwa Kolwezi. Asili yake: Sandoa.
Baba hakusomewa hati ya kwanza. Sahihi iliyo pale si yake. Mtoto alipouliza, baba alijibu kwa niaba ya mama. Hakuogopa.

Nilikuwa nimepanga kuikunja barua hii na kuiingiza sandukuni chini ya nguo, uikute Lubumbashi, mbali na uso wangu. Kamba ile nimeifungua mara mbili. Nimeifunga tena bila kuweka kitu. Ingekuwa mara nyingine ya kuandika mtu akiwa hayupo.

Nawasikia barabarani, bado mnaimba. Sasa mnaagana mbele ya lango, na yule wa sauti ya tatu anakuchekesha. Ukiingia nitakuomba ukae kwenye kiti hiki cha baba yako, na mimi nitasimama, kama nilivyosimama kaunta miaka yote, nikusomee kutoka juu mpaka chini. Hapa chini nimeacha nafasi ya sahihi yako. Kama hutaitia, itabaki wazi.

Lango limefunguka. Karibu, Ngalula. Kaa.